BINTI WA MIAKA 15 NA MWANASHERIA ALIYEMSEMEA

SEHEMU YA 1: SWETA ISIYO NA NEMBO

  

Tulipomaliza mfululizo wa lishe niliwaahidi kwamba kinachofuata siyo uji wala chanjo. Leo naleta historia. Usikimbie mwenzangu, historia hii inaanzia kliniki na itaishia kliniki. Nimeigawa vipande vipande ili uweze kusoma huku unanyonyesha, ukilala utaendelea kesho.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alikuja binti siku ya kliniki ya wajawazito. Mfupi, mwembamba, amefunga khanga juu ya sweta ya kijani. Ile sweta ilikuwa ya shule. Nembo ilikuwa imefumuliwa, pale ilipokuwa pamebaki alama ya mraba, kijani kilichoiva kuliko sehemu nyingine. Alikuja na mama mkwe.

Nikauliza, "Una miaka mingapi?"

Mama mkwe akajibu, "Kumi na nane, sista."

Nilipompandisha kitandani nimpime tumbo, pazia limefungwa, binti akaninong'oneza: "Sista, mimi nina kumi na tano."

Mnajua nilifanya nini? Nilirudi mezani nikaandika 18. Niliandika jibu la mwenye sauti. Na kabla hajaondoka nikamtupia neno ambalo hadi leo likinijia usiku nageukia upande wa pili: "Wewe naye, uliharakia nini?"

Alirudi na uchungu, siku ya pili tangu umwanze. Nyonga ilikuwa haijakomaa, mtoto amekwama. Tukampa rufaa, gari likachelewa, njia mnazijua wenyewe zinavyokuwa masika. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

Baada ya pale nikamuuliza dada mmoja mkubwa kazini, "Hivi huyu mtoto ameolewaje na miaka kumi na tano? Si tungepaswa kusema mahali?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, baba yake karidhia. Sheria inaruhusu."

Na mimi nikashusha pumzi. Ndiyo, wapendwa. Nilifarijika. Kama sheria inaruhusu, basi haikuwa kazi yangu.

Niliishi na faraja hiyo miaka mingi, mpaka mwaka 2016 nikasikia redioni kwamba kuna mwanamke kaenda Mahakama Kuu kusema sheria hiyo haifai. Anaitwa Rebeca Gyumi. Hii ni historia yake, na ya waliomtangulia, na ya yule binti wa sweta.

SEHEMU YA 2: SHERIA ILIKUWA INASEMAJE?

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi tunaisikia tu kwenye vikao vya harusi.

Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Kabla yake kila mtu alikuwa na njia yake: Waislamu yao, Wakristo yao, serikali yake, na mila kila kabila na yake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo, yakajadiliwa, na mwaka 1971 Bunge likapitisha sheria moja kwa wote.

Tusiionee. Kwa wakati ule ilikuwa sheria ya kijasiri. Ilisema ndoa ni hiari ya wawili. Ilisema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hebu fikiri, mwaka 1971! Wapo majirani zetu ambao hadi leo habari hiyo haijawafikia. Ilisema pia ndoa ikivunjika, mali zilizochumwa pamoja zigawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja.

Hapo kwenye mchango kuna kisa kila mama anapaswa kukijua. Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu lilifika Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Swali lilikuwa hivi: mama aliyekaa nyumbani akapika, akafua, akalea, je, amechangia nyumba aliyojenga mume? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe siku ile hakuongezewa kitu, maana mahakama iliona mume alishampa fedha za biashara na hazikuzalisha. Lakini neno lile lilibaki, na tangu hapo limewasaidia wanawake wengi ambao hata jina lake hawalijui.

Sasa kwenye sheria hiyo hiyo kulikuwa na kifungu cha 13 na cha 17. Mvulana aoe akiwa na miaka 18. Msichana aolewe akiwa na 15. Kukiwa na sababu maalum, mahakama iliweza kuruhusu hata wa miaka 14.

Na huyo msichana wa chini ya miaka 18 aridhiwe na nani? Soma hapa taratibu. Na baba. Mama anaulizwa kama baba amefariki. Yaani wewe uliyebeba mimba, ukaamka usiku, ukambeba mgongoni kumleta kwangu kila mwezi kupima uzito, kwenye karatasi ile ridhaa yako ilihesabika ukiwa mjane.

SEHEMU YA 3: WANAWAKE WALIOFUNGUA NJIA

Kabla ya kufika kwa Rebeca tupite kwa wazee, maana hakuna anayefika mtoni kwa njia ambayo hakuna aliyeifyeka.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifungua milango Dar es Salaam, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Darasa dogo kuliko chumba cha chanjo siku ya Jumatatu. Miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kusoma sheria katika chuo hicho alikuwa Julie Manning. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili katika nchi hii.

Na sisi Njombe tusijisahau. Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu kuanzia 2010 hadi 2015, ni wa huku huku kwenye baridi. Hakusoma sheria, lakini wanaume waliosoma sheria aliwaambia "kaa chini" na wakakaa.

Miaka ya themanini mwishoni lilitokea jambo ambalo halikupigiwa ngoma. Wanawake wanasheria walikuwa wameongezeka, wakaanza kujiuliza elimu hii inamfikiaje mama wa sokoni ambaye hana hela ya wakili. Mwaka 1989 wakaanzisha chama chao, TAWLA, kikaandikishwa 1990. Kipindi hicho hicho ndipo ulipoanza mradi ambao baadaye ukawa kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, WLAC. Wakawa wanakaa na wajane, na wanawake waliofukuzwa na watoto, wanasikiliza, wanaandika barua, wanawaelekeza mahakama ipi na fomu ipi. Bila malipo.

Mimi kazi hiyo naielewa vizuri, kwa sababu inafanana na ya kliniki. Mtu anakuja na hofu, hajui aanzie wapi, na dawa ya kwanza ni kumkalisha kitini umsikilize.

Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana. Ikasema atakayelala na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana mwenyewe alikubali. Tukapiga vigelegele. Lakini ndani yake iliacha mlango: isipokuwa kama huyo msichana ni mke wake na ana miaka 15 au zaidi.

Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Ikasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18.

Mnaona mkanganyiko? Binti wa sweta kwa kitabu cha 2009 ni mtoto. Kwa kitabu cha 1971 ni mke. Kwa kitabu cha 1998 aliyempa mimba ni mhalifu asipomwoa, na akimwoa kwa ridhaa ya baba ni mkwe.

SEHEMU YA 4: MSICHANA WA DODOMA

Rebeca Gyumi alizaliwa Dodoma. Dodoma ninayoisema siyo ya maghorofa ya serikali unayoiona kwenye taarifa ya habari. Ni mkoa ambao, kwa takwimu za utafiti wa afya wa mwaka 2010, wanawake 51 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Juu yake ilikuwepo Shinyanga na 59, Tabora na 58, Mara na 55. Kitaifa ilikuwa 37.

Mwenyewe amesimulia kwamba akiwa msichana mdogo alikuwa anaona wenzake wanatoweka darasani. Mmoja mimba, mwingine ndoa. Dawati linabaki na nafasi, wiki mbili baadaye watu wameshazoea.

Yeye alibahatika kuendelea. Akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wenu mlio na umri wangu mdogo mdogo mnaweza kuwa mlimwona bila kujua, maana kwa zaidi ya miaka minane alifanya kazi na Femina Hip, wale wa magazeti ya Fema yaliyokuwa yanagawiwa shuleni, na alionekana kwenye vipindi vyao vya televisheni akiongea na vijana. Baadaye akaanzisha shirika, Msichana Initiative, linalotetea haki ya msichana kusoma.

Nimewaza sana juu ya hiyo miaka ya Fema. Mtu anayeenda shule baada ya shule, anakaa na mabinti wa kidato cha pili wanamwambia mambo ambayo hawawezi kumwambia mwalimu wa nidhamu, huyo haendi mahakamani na kitabu tu kichwani. Anaenda na sura za watu.

Sasa ajabu ni hii. Yeye hakuolewa utotoni. Hakuwa anadai shamba wala fidia. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 26(2), inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria zinahifadhiwa. Kila mtu. Muuza viazi wa stendi ya Makambako yumo. Muuguzi yumo. Mimi nilikuwemo siku ile naandika 18.

SEHEMU YA 5: SHAURI NAMBA 5 LA 2016

Mapema mwaka 2016 Rebeca, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole, alifungua shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Umri wake bado ni wa miaka ya ishirini kuelekea thelathini. Hapo wengi tulikuwa tunahangaika na kodi ya nyumba.

Hoja yake ukiisema jikoni mtoto wa darasa la tano anaielewa. Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na hairuhusu ubaguzi. Sasa kwa nini mvulana asubiriwe hadi 18, akomae, amalize shule, ajue anataka nini, halafu msichana akatwe miaka mitatu? Hiyo miaka mitatu aliyonyang'anywa ndiyo kidato cha tatu, cha nne na kuendelea. Na msichana aliyekatwa shule pale hakatwi elimu tu. Anakatwa na sauti ya kusema "hapana" kwenye maisha yake yote yanayofuata.

Tarehe 8 Julai 2016 jopo la majaji watatu likatoa hukumu. Vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ilitungwa zama zake, na zama zimebadilika. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, umri uwe 18 kwa wote, wasichana na wavulana.

Nakumbuka taarifa ilivyosomwa redioni. Nilikuwa nakunja nepi za mtoto wangu wa pili. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, nepi mkononi. Yule dada mkubwa aliyeniambia "sheria inaruhusu" alikuwa ameshastaafu, lakini nilimsikia kama amesimama mlangoni. Nikamjibu kimoyomoyo, dada, kumbe ilikuwa inaweza kuulizwa.

Mwaka ule ule Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hiyo ilisaidia. Lakini inamshika aliyemwoa mwanafunzi. Yule aliyemaliza la saba akafeli, akakaa nyumbani anachunga mdogo wake, yeye si mwanafunzi. Huyo alibaki anategemea hukumu ya Julai.

SEHEMU YA 6: RUFAA

Serikali ilikata rufaa. Hiyo ni haki yake, tusilaumu. Ila nataka msikie sababu mojawapo iliyotolewa, kwa kuwa hata kwenye vikao vyetu huku inatajwa sana: kwamba ndoa inamlinda msichana aliyepata mimba nyumbani, asizae nje, asiaibike.

Nisimame hapo kama muuguzi. Nimeshika mikono ya mabinti wengi wakiwa leba. Sijawahi kuona pete ikipanua nyonga. Aibu inayosemwa ni ya ukoo. Damu inayotoka ni ya mtoto.

Miaka mitatu ikapita. Katikati yake, Desemba 2018, Rebeca akaitwa New York kupokea Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hii siyo tuzo ya kila mwaka, hutolewa kila baada ya miaka mitano. Waliotajwa naye mwaka ule nawaomba muwajue. Mmoja ni Asma Jahangir, mwanasheria wa Pakistan aliyetetea wanawake na watu wasio na mtetezi maisha yake yote. Alikuwa amefariki Februari mwaka huo huo, tuzo ikatolewa yeye ameshazikwa. Mwingine ni Joênia Wapichana, mwanamke wa kwanza wa makabila ya asili ya Brazil kuwa mwanasheria. Wa tatu ni binti wa Dodoma. Wanawake watatu, nchi tatu, na wote kazi yao ni ile ile ya kusimama badala ya mtu ambaye akisimama mwenyewe hasikiki. Pamoja nao lilipewa tuzo shirika la Front Line Defenders linalowalinda watetezi kama hao.

Tuzo ni nzuri. Lakini rufaa ilikuwa bado, na angeweza kushindwa.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hapa nchini hakuna nyingine, ikaitupa rufaa. Hukumu ya Mahakama Kuu ikabaki ilivyo. Mahakama ikakumbusha pia kwamba Tanzania yenyewe imesaini mikataba ya Afrika, ule wa haki za mtoto na ule wa haki za wanawake uitwao Itifaki ya Maputo, na yote inataka 18.

Mtaniuliza, sista, baada ya hapo? Baada ya hapo, mwaka mmoja waliopewa ulipita. Ukapita na wa pili. Serikali ikaeleza kwamba inakusanya maoni ya wananchi na ya viongozi wa dini. Miaka kadhaa baada ya hukumu ya rufaa maneno yale yalikuwa bado yamo kwenye kitabu, kama pazia lililotobolewa ambalo hakuna aliyelishusha. Ndiyo maana naandika. Mahakama ikishasema na kijiji hakijasikia, binti wa kijiji kile bado yuko mwaka 1971.

SEHEMU YA 7: KWA NINI 18? MWILI UNASEMA

Hapa ndipo kazi yangu. Tuache mahakama kidogo.

Msichana anaweza kuvunja ungo na miaka 12 au 13. Wazee wengi wakiona hivyo wanasema "amekua". Hapana. Kuvunja ungo maana yake mwili umeanza safari, haujafika. Nyonga inaendelea kupanuka miaka kadhaa baadaye. Akibeba mimba kabla, haya ndiyo tunayokutana nayo:

Uchungu pingamizi. Mtoto anakwama njiani, kama yule wa sweta. Akikaa muda mrefu bila msaada, nyama laini kati ya njia ya uzazi na kibofu zinakufa, panatoboka. Hiyo ndiyo fistula. Mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku. Inatibika, na matibabu yapo, usimfiche mtu ndani.

Kifafa cha mimba. Presha inapanda, uso na miguu vinavimba, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, halafu degedege. Kinawapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na wadogo wako kwenye hatari kubwa kuliko wakubwa.

Upungufu wa damu. Yeye bado anakua, mtoto tumboni anakua, sahani ni moja.

Mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Na sisi wa Njombe tunaolalamikiwa kila mwaka kwa udumavu wakati tumezungukwa na viazi, maziwa na parachichi, tukumbuke kwamba udumavu mwingine huanzia kwa mama ambaye hajamaliza kukua.

Shirika la Afya Duniani linasema matatizo ya mimba na uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Hapa kwetu utafiti wa 2015/16 ulikuta wasichana 27 katika 100 wa umri huo wameshazaa au wana mimba. Utafiti wa 2022 ukakuta 22. Inashuka. Haishuki yenyewe.

SEHEMU YA 8: "SISTA, HAYO NI YA SHINYANGA"

Najua mtaniandikia hivyo, kwa hiyo najibu kabisa.

Ni kweli. Takwimu zile zile za 2010, Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa kabla ya kugawanywa 2012, zilionyesha Iringa ndiyo ya chini: wanawake 8 tu katika 100 ndio walioolewa kabla ya 18. Tujipongeze. Wabena, Wahehe, Wakinga, Wapangwa, wazee wetu wengi walisomesha.

Lakini nane ni watu. Mimi nimewaona mezani kwangu, mmoja mmoja, na mmoja wao nilimwandikia umri wa uongo.

Halafu huku kwetu jambo linakuja na sura nyingine. Binti anamaliza la saba, anakuja "shangazi" anayemtafutia kazi za ndani Dar. Anapanda basi pale Makambako na kabegi kamoja. Mwaka mmoja na nusu baadaye anashuka stendi ile ile, tumbo mbele, na wazee wanaanza kumtafutia wa kumwoa haraka haraka ili kufunika. Hakuna anayeita hiyo ndoa ya utotoni. Inaitwa "kumsitiri".

Kumsitiri binti wa miaka 16 mwenye mimba ni kumleta kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Ni kumlisha. Ni kumpangia kujifungulia hospitali, siyo kwa bibi. Na ni kumrudisha shule: tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa na mimba kurudi kwenye mfumo rasmi. Mama, ukiambiwa na mtu yeyote kwamba "aliyezaa hapokelewi", muulize kwa upole ni waraka upi unaosema hivyo.

Kama unajua binti anayetaka kuozwa, fanya haya:

Piga 116, namba ya simu ya mtoto, ni bure.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Mtafute msaidizi wa kisheria wa kata. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Wengi ni watu wa kawaida, walimu wastaafu, akina mama wa vikundi, waliopata mafunzo na wanajitolea. Huyo ndiye TAWLA wa kijijini kwako.

Na kama wewe ni mama mkwe, yaani uko upande wa kupokea, una nguvu kuliko mahakama. Mwambie mwanao, "Huyu ni mtoto, mrudishe kwao." Nimemwona mama mmoja akifanya hivyo. Hakupewa tuzo New York, ila yule binti leo ananiletea mwanae chanjo, na alipojifungua alikuwa na miaka 23.

Mimi nimebadilisha nini? Kitu kidogo. Binti akija na mtu, kila mmoja anamheshimu mwenzake, nasema, "Mama, naomba utusubiri nje dakika mbili, ni utaratibu." Namfungia pazia. Nakaa kwenye kiti, sisimami. Namwuliza yeye miaka yake, na naandika anayonitajia yeye. Ikiwa chini ya 18, namweleza taratibu kwamba nitampigia afisa ustawi na kwa nini, ili asishtuke, na siendi nyumbani kabla sijapiga simu. Zipo siku mama mkwe amenifokea. Ipo siku baba mzima kanisubiri getini. Nimemjibu, "Baba, shikamoo. Karibu tukaongee ndani."

Yule wa sweta sijawahi kukutana naye tena. Sasa ni mtu mzima, kama yuko hai. Jina lake nalikumbuka, silisemi hapa. Akipita akasoma haya atajijua kwa ile alama ya nembo. Mdogo wangu, ulinitajia umri wako na nikaandika mwingine. Nisamehe.

Kesho tunarudi kwenye maswali ya kunyonyesha, nimeyaona mengi. Mtumie somo hili mwenzako mmoja mwenye binti. Na usiku huu, kabla hujalala, mwulize binti yako anataka kuwa nani, umsikilize hadi amalize.

Wenu, muuguzi wa baridi.